Dimbwi Lina Mwenyewe: Mwongozo Kamili wa Kukabili Majitaka na Maji Yaliyotuama Mjini Malindi

Masika yakishika Malindi, kilio ni kimoja kuanzia Maweni hadi Barani: maji yamejaa njiani, yananuka, watoto wanayakanyaga wakienda shule, na muuza mahamri amehamisha meza yake ng'ambo ya barabara. Kinachofuata pia kinajulikana. Picha inasambazwa kwenye kundi la WhatsApp, mwakilishi wa wadi anatajwa kwa jina, lori moja la kifusi linamwagwa, na dimbwi linahamia kwa jirani. Mwaka ujao tunaanza upya.

Mwongozo huu ni kwa wapangaji, wenye ploti, walinzi na wasimamizi wa nyumba za wageni, na wenye hoteli ndogo. Nimeushikiza Malindi kwa sababu kila mji una udongo wake na ofisi zake, ingawa mtu wa Watamu, Kilifi au Diani ataona mengi anayoyajua. Hoja yangu ni moja: dimbwi lina mwenyewe. Kuna karo (tangi la majitaka la chini ya ardhi), bomba, paa au barabara inayolilisha, na kila chanzo kina fundi wake na afisa wake. Ukienda ofisini bila kujua chanzo, utazungushwa, na wala hutakuwa na haki ya kuwalaumu sana wanaokuzungusha.

Ardhi yenyewe kwanza

Sehemu kubwa ya mji haina mtandao wa mabomba ya majitaka. Nyumba na hoteli hutegemea karo na shimo la kunyonya, yaani shimo linalopokea maji yanayotoka karoni na kuyaachia ardhini, na mitaa mingi hutumia vyoo vya shimo. Chini ya haya yote, ukanda wa karibu na bahari ni mawe ya matumbawe na mchanga. Tumbawe lina matundu na nyufa. Maji yakimwagwa juu yake hupotea haraka, na watu hufurahi kwamba "shimo linakunywa vizuri." Linakunywa, ndiyo, lakini halichuji. Kinachopotea uani kwako leo kinaweza kuwa kwenye kisima cha jirani baada ya muda mfupi. Kuna mitaa mingine, hasa ukiingia ndani, yenye udongo mzito usionyonya, na huko ndiko maji husimama yakaonekana.

Kwa hiyo mvua moja huleta matatizo mawili. Lile linaloonekana ndilo linalopigiwa kelele. Lile lisiloonekana ndilo linaloleta kuhara na kipindupindu.

Hatua ya kwanza: chomeka kigingi

Chukua fimbo ya mita moja, ichore alama kila sentimita 5, uichomeke mahali dimbwi lilipo na kina zaidi. Isome alfajiri, adhuhuri, magharibi na kabla ya kulala, kwa wiki nzima. Kando ya kila kipimo andika mambo matatu: mvua ilinyesha au la, maji ya bomba yalikuwa yamefunguliwa au yamefungwa, na bahari ilikuwa kwenye bamvua (siku inapojaa na kupwa sana) au maji mafu (siku tofauti ni ndogo). Daftari la shule linatosha. Piga picha kila unaposoma, simu yako iwe imewekwa kuonyesha tarehe na saa.

Kina kikipanda asubuhi na jioni bila mvua, hayo ni maji ya watu: wanaoga, wanafua, wanapika. Mara nyingi yana povu, rangi ya kijivu na harufu. Chanzo ni karo lililojaa, shimo la kunyonya lililoziba, au bafu ambalo bomba lake limeelekezwa njiani.

Kina kikipanda siku ambazo maji ya bomba yamefunguliwa na kushuka yakifungwa, bomba la maji safi limepasuka. Wengi hulipuuza dimbwi la namna hii kwa kuwa maji yake ni meupe na hayanuki. Mimi naliogopa kuliko mengine. Bomba likikosa msukumo, hunyonya kinachozunguka nyufa zake, na kama kando yake pana karo linalovuja, uchafu huo husafiri hadi kwenye mabomba ya nyumbani ya watu waliolipia bili. Hili halihitaji kusubiri wiki iishe. Ripoti siku hiyohiyo kwa kampuni ya maji, yaani Kampuni ya Maji na Majitaka ya Malindi (MAWASCO), uchukue nambari ya malalamiko.

Kina kikifuata bahari, kikapanda wakati wa bamvua na kushuka wakati wa maji mafu, umefikia maji ya chini ya ardhi. Kwenye pwani yetu tofauti kati ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua hupita mita 3, na msukumo huo hufika chini ya viwanja vilivyo karibu na ufuo. Hapo hakuna mtaro utakaosaidia sana. Cha kurekebisha ni kimo cha karo na vyoo, ambavyo pengine vimechimbwa hadi ndani ya maji.

Na kikipanda kwa mvua tu, kisha kikashuka polepole, tatizo ni njia ya maji ya mvua: barabara iliyoinuliwa bila kalvati, mtaro ulioziba, ukuta uliojengwa juu ya mkondo wa zamani, au paa kubwa linalomwaga maji yote kona moja.

Mara nyingi utakuta mchanganyiko. Dimbwi la mvua hufurisha karo, karo hufurika, na wiki mbili baada ya mvua kukatika bado pananuka. Daftari litakuonyesha kipi kilitangulia.

Ukishamshuku mwenye chanzo, kuna jaribio la rangi. Rangi ya chakula, nyekundu au ya kijani iliyokolea, humiminwa chooni au kwenye bafu linaloshukiwa, kisha maji ndoo mbili au tatu. Kama kuna bomba lililounganishwa kisiri na mtaro wa barabarani, rangi hutokeza upesi. Ikibidi maji yapite kwenye udongo, rangi huweza kunaswa njiani, kwa hiyo kutoiona si ushahidi kwamba mtu hana hatia. Jambo hili hulifanyi bila ridhaa ya mwenye nyumba. Nenda baada ya alasiri, ufuatane na mzee wa mtaa, uanze kwa hodi na salamu. Ukitanguliza picha ya simu, umeshafunga mlango.

Hatua ya pili: wajue mbu walioko

Watu husema "mbu" kana kwamba ni mmoja. Pwani tuna aina tatu za kujali, na kila moja ina maji yake.

Anofelesi, anayeeneza malaria, hupenda maji yaliyo safi kiasi na yanayopigwa na jua: madimbwi ya mvua, mashimo ya machimbo ya mawe, mabwawa ya kuogelea yaliyoachwa. Kyuleksi ndiye mwenye makaro, vyoo vya shimo na mitaro inayonuka. Ndiye anayetunyima usingizi usiku, na pwani ndiye pia mwenezaji wa vimelea vya matende na mabusha. Aedesi ana madoa meupe miguuni, huuma mchana, na huhitaji maji kidogo sana: kifuu cha nazi, tairi, sahani ya chini ya chungu cha maua, pipa lisilofunikwa. Huyu ndiye wa homa ya dengi na chikungunya, ambazo zimeshaipiga Mombasa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni.

Chukua upawa mweupe, chota maji ya ukingoni taratibu, utulie uangalie. Viluwiluwi vikilala sambamba na uso wa maji, hao ni Anofelesi. Vikining'inia kichwa chini mkia juu, ni mojawapo ya wale wengine wawili. Kwa joto letu, yai hufika kuwa mbu kamili kwa siku 7 hadi 10. Ndiyo maana kazi yoyote ya kumwaga maji hufanywa mara moja kwa wiki bila kuruka. Usafi wa mara moja kwa mwezi unawapa mbu vizazi viwili au vitatu vya bure.

Usimwage mafuta machafu ya gari kwenye dimbwi wala kwenye choo. Yataua viluwiluwi, kisha yatashuka kwenye tumbawe na kukaa katika maji ya visima. Kuna dawa ya kibayolojia iitwayo Bti, ambayo ni bakteria wanaoua viluwiluwi na ambao kwa kipimo chake hawadhuru watu, samaki wala kuku. Malindi ina uzoefu wake wa kazi hii, kwa kuwa vikundi vya wakazi vilivyoungana chini ya jina la PUMMA, yaani Punguza Mbu na Malaria Malindi, vilishiriki kukagua na kutibu mazalio mtaani.

Kwa vyoo vya shimo vyenye maji na makaro, kuna njia iliyothibitishwa na majirani zetu. Mwaka 1988 huko Makunduchi, Unguja, vyoo na mashimo yenye maji yalimwagiwa chembe ndogo za polistireni, ile povu nyeupe nyepesi ya kufungashia televisheni, huku wakazi wakipewa dawa ya matende. Chembe huelea na kutandaza tabaka juu ya maji. Viluwiluwi hushindwa kupumua, mbu jike hashuki kutaga, na tabaka hilo hukaa muda mrefu kwa sababu haliozi. Mbu wa aina ya Kyuleksi walipungua mno. Tahadhari ni mbili. Mahali panapofurika, chembe zitaelea zikaishia baharini, kwa hiyo njia hii ni ya shimo lenye kuta na mfuniko tu. Pia shimo likinyonywa, tabaka huondoka na lazima lirudishwe.

Hatua ya tatu: karo

Hapa ndipo penye kazi, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Karo halimalizi uchafu. Hutenganisha: mazito hushuka chini yakawa mashapo, mafuta na mapovu huelea juu, na maji ya katikati hutoka kwenda shimo la kunyonya. Mashapo yakijaa, yanatoka pamoja na maji, yanaziba shimo la kunyonya, na kuanzia hapo kulinyonya karo hakusaidii tena, kwa sababu shimo la pili limekufa. Mwenye ploti anayesubiri mpaka karo lifurike ameokoa pesa za lori, na atazilipa mara nyingi zaidi kwa kuchimba shimo jipya.

Tufanye hesabu. Ploti ina vyumba 10, kila chumba watu 3, jumla 30. Kipimo kinachotumika sana ni lita 40 hadi 60 za mashapo kwa mtu kwa mwaka. Tuchukue 40: ni lita 1,200 kwa mwaka. Karo lina urefu wa mita 2, upana mita 1.5, na kina cha maji mita 1.5, yaani lita 4,500. Sheria ya mafundi ni kunyonya mashapo na tabaka la juu yanapofika theluthi moja, hapa lita 1,500. Karo hilo linataka lori kila baada ya miezi 15 hivi. Ukitumia lita 60, ni miezi 10. Weka namba za ploti yako uone. Wengi watagundua kwamba nyumba iliyojengwa kwa ajili ya familia moja sasa ina wapangaji sita na karo lilelile.

Kulipima, funga kitambaa cheupe kwenye mti mrefu, uushushe hadi chini kupitia mfuniko, subiri dakika chache, uupandishe polepole. Sehemu iliyopakaa weusi mzito ndiyo kina cha mashapo. Usiinamie shimo na usiwashe sigara.

Na kamwe, kamwe, mtu asiingie ndani. Gesi za karo humwangusha mtu mzima kwa pumzi chache, na ile ya yai viza ikizidi huua pua kwanza, hivyo harufu hupotea wakati hatari ndiyo inaongezeka. Tunavijua visa vya fundi aliyeshuka, akaanguka, ndugu yake akamfuata kumwokoa, na wote wakatolewa maiti. Mtu akianguka, piga kelele, ita wazima moto, mwondoe kila mtu mwenye wazo la kushuka. Anayekuambia karo lako litasafishwa kwa ndoo na kamba kwa bei nafuu usimpe kazi.

Unapoita lori la kunyonya, eksosta kama linavyoitwa mtaani, uliza mambo mawili kabla ya bei: leseni ya kusafirisha taka ya NEMA, yaani mamlaka ya kitaifa ya usimamizi wa mazingira, na mahali watakapomwaga. Omba risiti ya huko. Lori lisilo na jibu humwaga kwenye kichaka, kwenye machimbo ya mawe au usiku kwenye mkondo unaoteremka baharini, na wewe ndiye uliyelilipa. Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyotangazwa mwaka 1968, iko mwendo mfupi kusini mwa mji. Majitaka hubeba virutubisho vinavyostawisha mwani, mwani hufunika matumbawe, na watembezaji wa mashua za kioo wanabaki bila cha kumwonyesha mgeni.

Karo likiwa wazi, kagua vitu vitatu. Kiungo cha T kwenye njia ya kutokea kipo? Ndicho kinachozuia mafuta ya juu yasipite, na mara nyingi kimevunjika. Bomba la hewa lina wavu wa mbu? Mifuniko inaziba sawasawa? Mpasuko mdogo wa mfuniko ni lango la Kyuleksi. Na usidanganyike: unga wa "kuyeyusha choo" unaouzwa madukani hauondoi haja ya lori.

Kama shimo la kunyonya limekufa na unalazimika kuchimba jipya, pima kwanza ardhi. Chimba kitundu cha sentimita 30 kila upande kwenye kina ambacho maji yatatokea, kijaze maji, kiache usiku kucha, asubuhi kijaze tena na upime muda wa maji kushuka milimita 25. Zaidi ya saa moja, udongo haunyonyi na shimo litafurika. Chini ya dakika moja, unanyonya kupita kiasi, yaani hauchuji. Katika hali hii ya pili weka mchanga wa kutosha kati ya kinachotoka karoni na mwamba, badala ya kushangilia. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.5 kabla ya maji ya ardhini, yakipimwa wakati wa masika na bamvua.

Hatua ya nne: kisima

Kanuni ya kawaida ni mita 30 kati ya kisima na choo au shimo la kunyonya. Kwenye tumbawe, umbali huo hautoshi kukupa uhakika, na kwenye viwanja vyetu vidogo hata mita 10 hazipatikani. Basi tuseme wazi: kisima cha katikati ya mji ni cha kufulia na kudekia. Cha kunywa kichemshwe mpaka kitokote sawasawa, hata kama marehemu babu alikinywa miaka yote. Wakati wa babu mtaa haukuwa na watu hawa wote.

Ukitaka kupima, chupa isiyo na vijidudu itolewe na maabara yenyewe, sampuli ikae kwenye barafu, ifike ndani ya saa 6. Maji ya kunywa hayatakiwi kuwa na E. koli, bakteria wa kinyesi, hata mmoja katika mililita 100. Omba pia kipimo cha naitreti, ambayo Shirika la Afya Duniani huiwekea ukomo wa miligramu 50 kwa lita. Naitreti haiondoki kwa kuchemsha na ni hatari kwa mtoto anayetengenezewa maziwa ya unga. Kumwaga klorini kisimani husafisha kwa muda mfupi, na hakuna maana kama karo la jirani bado linavuja ndani yake.

Hatua ya tano: bafu na jiko

Maji ya kuoga na kufulia yasiachiwe njiani kwa hoja kwamba "si ya choo." Yana vijidudu pia, na hulisha dimbwi kila siku. Yaelekeze kwenye shimo dogo la kokoto au kwenye migomba, ambayo inakunywa sana. Usimwagilie mchicha wala mboga inayoliwa mbichi.

Kwa hoteli na mikahawa, adui ni mafuta ya kukaangia. Jenga chemba ya kunasa mafuta kati ya sinki na karo, uikombe kila wiki. Hili ni jambo dogo ambalo wenye mikahawa hulikataa mpaka bomba lizibe siku ya Desemba wageni wamejaa.

Hatua ya sita: mtaro

Mtaro usafishwe Januari hadi Machi, kaskazi ikivuma na udongo ukiwa mkavu. Wengi husafisha maji yakishaingia sebuleni. Kosa la pili: tope na chupa hutolewa na kulundikwa kandokando ya mtaro huohuo, mvua ya kwanza inavirudisha. Kabla hamjaanza kuchimba, muwe mmeshakubaliana na mwenye mkokoteni au lori.

Mtelemko wa sentimita 1 kwa kila mita unatosha kwa mtaro mdogo. Kuupima hakuhitaji mitambo: mpira mwangavu wa mita 10 uliojaa maji, watu wawili, na alama za maji kwenye vijiti kila upande. Anzieni mwishoni, mahali maji yatakapotokea, mje juu. Mtaro uliochimbwa kuanzia juu bila kujua unakoishia hutengeneza bwawa la mtu wa chini, na mtaonana mahakamani.

Marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017 ilipunguza uchafu wa aina moja. Chupa na nepi bado zipo. Wavu wa nondo kwenye mdomo wa kalvati husaidia iwapo tu kuna mtu aliyepangiwa kuusafisha kila baada ya mvua. Asipokuwepo, wavu wenyewe ndio utakaoziba.

Hatua ya saba: bwawa la kuogelea la nyumba iliyofungwa

Hili ni la miji ya kitalii. Msimu wa wageni hupoa kuanzia Aprili hadi Juni, majumba mengi hufungwa, na ndiyo miezi ambayo mvua hujaza mabwawa. Watafiti waliochunguza mazalio ya mbu Malindi waliyakuta mabwawa yasiyotumika kuwa miongoni mwa mazalio muhimu. Mlinzi yupo, bosi yuko Italia, pampu imezimwa kuokoa umeme.

Usilikaushe kabisa kiholela. Karibu na ufuo, maji ya ardhini yakipanda huweza kuliinua bwawa tupu na kulipasua. Chaguo ni tatu: pampu iendeshwe na klorini itiwe kama kawaida, au klorini iachwe na watiwe samaki kama perege, ambao hula viluwiluwi, au Bti kila wiki. Msimamizi apewe bajeti hiyo kabla bosi hajapanda ndege.

Hatua ya nane: mlango upi?

Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inaziachia kaunti huduma za maji na usafi pamoja na mifumo ya maji ya mvua mijini. Kwa hiyo karo linalofurika njiani ni la Afisa wa Afya ya Umma wa kaunti ndogo. Bomba la maji safi ni la kampuni ya maji. Mtaro wa barabara ya mtaa ni wa manispaa na idara ya kaunti ya barabara. Ule wa barabara kuu ya Mombasa–Malindi ni wa KeNHA, mamlaka ya barabara kuu za kitaifa. Hoteli inayotiririsha majitaka baharini au kichakani ni ya NEMA. Chifu hana lori wala bajeti, lakini mjulishe, kwa sababu muhuri wake na baraza lake husaidia kesi ikipanda.

Andika. Simu husahaulika. Barua iwe fupi:

"Kwa Afisa wa Afya ya Umma, Kaunti Ndogo ya Malindi.
KUH: MAJITAKA YANAYOTUAMA NJIANI, MTAA WA ……
Tangu tarehe …… majitaka yamekuwa yakitoka kwenye karo la ploti …… na kutuama njiani, mita …… kutoka kisima kinachotumiwa na kaya ……. Tumepima kina kwa siku 7. Kinapanda asubuhi na jioni hata pasipo mvua. Vipimo na picha zimeambatishwa. Tunaomba ukaguzi na, ofisi ikijiridhisha, ilani ya kuondoa kero kwa mujibu wa Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242. Tunaomba tujulishwe kwa maandishi hatua itakayochukuliwa.
Sisi wakazi, (majina na sahihi)"

Chapisha nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ubaki nayo. Sheria hiyo inampa afisa uwezo wa kutoa ilani kwa mwenye kero, na asipotii, kumfikisha mahakamani. Kimya kikizidi, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016: omba nakala ya ripoti ya ukaguzi, au ya leseni ya hoteli ya kutiririsha majitaka. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na usipojibiwa unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Mlango wa mwisho ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinakupa haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinakuruhusu kwenda mahakamani bila kulazimika kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyekwisha kudhurika.

Hatua ya tisa: bajeti

Mtaro mkubwa haujengwi kwa harambee. Kaunti huwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kufikia Septemba 1, waraka wa mikakati ya fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, kwa mwaka wa fedha unaoanza Julai 1. Malalamiko ya Mei, maji yakiwa magotini, yanakuta pesa za mwaka huo zimeshagawanywa. Kikao cha kukaa ni cha Julai na Agosti, wakati hakuna anayekumbuka mvua. Nendeni na wapangaji, wenye hoteli na mwenye tuktuk, mkiwa na ombi moja lililopimwa: mtaro unaanzia wapi, mita ngapi, unapita ardhi ya nani, na maji yake yataishia wapi. Ombi la "tunataka mtaro" huandikwa kwenye kumbukumbu na kuachwa humo. Lenye mita na ramani iliyochorwa kwa mkono, mhandisi wa kaunti anaweza kulikadiria gharama siku hiyohiyo.